Swali la Saba

Kwemkole, Bumbuli
16 Januari 1972

Mwalimu Mbaraka,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa basi la kutoka Mombo lilituacha Soni na mizigo yetu na safari iliyobaki nimeimaliza juu ya lori la kabeji, kisha kwa miguu. Nimepokewa na mama mmoja mjane, Mwanahawa, aliyenipa chumba cha binti yake aliyeolewa. Zahanati wanayojenga iko ng'ambo ya nyumba hiyo, nikifungua dirisha naiona. Kuta zimefika kiunoni.

Naomba unisamehe, lakini nairudia ile hoja tuliyobishana ofisini kwako. Umenituma nichunguze nani anaongoza watu wanapojenga kwa kujitolea, na ukanipa fomu arobaini za maswali. Mimi nilitaka nikae nao, nibebe udongo nao, niangalie. Ulisema hiyo ni likizo, si utafiti. Basi sikiliza jinsi siku ya msaragambo inavyokwenda huku, maana ndivyo wanavyoiita kazi ya pamoja. Asubuhi hakuna anayepuliza filimbi. Mtu mmoja anapita na jembe, anasalimia, anayesalimiwa anatoka na karai. Baadaye naona watu sitini kwenye shimo la udongo na siwezi kukuambia nani aliwaita. Anayekanyaga udongo leo, kesho anafyatua matofali, na hakuna aliyemhamisha ila yeye mwenyewe.

Nimejaribu swali lako la saba, "Taja mtu mmoja anayeongoza ujenzi huu," kwa mzee mmoja. Akaniuliza kama nimekula. Nikarudia. Akamwita mkewe aniletee boga.

Tafadhali niruhusu niziweke fomu pembeni angalau mwezi mmoja. Halafu kuna jambo la haraka hapa. Matofali yao ni mabichi, ya kukaushwa juani. Serikali imeahidi mabati, lakini mpaka kuta zifike juu. Masika ikizikuta kuta wazi, zitarudi kuwa tope, na wagonjwa wataendelea kubebwa kwa machela hadi hospitali ya Bumbuli kama alivyobebwa mume wa Mwanahawa, ambaye hakufika. Kwa hiyo watu hawana nafasi ya kukaa na karatasi zangu.

Mwanafunzi wako,
Efrazia Mhando


Dar es Salaam
27 Januari 1972

Ndugu Efrazia,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika zaidi.

Kuangalia si njia ya utafiti. Hata kuku wa huyo mama Mwanahawa wanaangalia. Ukikaa mwezi mzima unakanyaga udongo utarudi na misuli na hadithi, na mimi nitaulizwa kwenye kamati: hadithi hii inapimwaje? Wizara inataka kujua vijiji vinaongozwa na watu wa namna gani, ili watu hao watafutwe, wafunzwe, wapewe nafasi. Hawaniulizi nani alisalimia nani asubuhi.

Kila ujenzi una kiongozi, Efrazia. Nyumba haijijengi. Kama humwoni ni kwa sababu hujauliza vizuri. Muulize kila mtu peke yake, mbali na wenzake, na usipokee boga mpaka amejibu. Swali la saba ndilo moyo wa fomu nzima. Yale mengine ni ya kumzoeza anayeulizwa tu.

Nataka fomu zote arobaini kabla Februari haijaisha.

M. Kilongola


Kwemkole
12 Februari 1972

Mwalimu,

Shikamoo. Kazi uliyotaka imekwisha na majibu yanafuata kwenye bahasha kubwa. Utayapenda. Mimi yananiudhi.

Ilikuwa hivi. Kwa muda wa wiki nzima hakuna aliyenijibu swali la saba. Walicheka, walikohoa, waliniuliza habari za Muheza kwetu. Halafu Jumatatu moja, kila niliyemfikia alikuwa na jibu mdomoni kabla sijafungua mkoba. Wanaume, wanawake, wa msikiti, wa kanisa, wote jina moja: Mzee Sheshe. Hata mke wa mwenyekiti wa kijiji hakumtaja mumewe.

Mwalimu, tangu nimefika sijamwona Mzee Sheshe akigusa tofali. Anakaa juu kwenye kilima, mahali mfereji wa maji unapopita kabla ya kutufikia sisi huku chini. Siku moja tu alisimama barabarani na kikoti chake, akautazama ukuta, akasema, "Umepinda," akaondoka. Haukuwa umepinda.

Nilimuuliza Mwanahawa, nikamwambia, "Mama, mnanidanganya?" Akanijibu, "Sisi tukudanganye kwa nini, mwanangu? Umeuliza, tumekujibu." Akaendelea kumenya viazi. Hapa kuna kitu ambacho sijakielewa, na nakuomba sana usiyatumie majibu haya popote mpaka nikielewe. Wakati huo huo kuta zimefika kifuani, na mimi nimeanza kubeba maji pamoja na wanawake, kwa kuwa mikono yangu haina kazi nyingine.

Efrazia


Dar es Salaam
21 Februari 1972

Ndugu Efrazia,

Hongera! Arobaini kwa arobaini. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona fomu zinazokubaliana namna hii. Nilipozionyesha kwa wenzangu mmoja alidhani nimezijaza mwenyewe.

Na wewe badala ya kufurahi unanung'unika. Hashiki tofali, kwa hiyo si kiongozi? Je, rubani anasukuma ndege? Huyu mzee anakaa juu, anatazama, anasema neno moja na kuondoka, na watu sitini wanafanya kazi. Huo ndio uongozi wenyewe, dada yangu, na fomu imeuona wakati macho yako yamekosa. Naomba ukumbuke hilo siku nyingine utakapotaka kunifundisha njia za utafiti.

Mwanzoni mwa Aprili uliza tena swali lile lile kwa watu wale wale, tuone kama jibu linasimama. Fomu mpya nakutumia. Nimezungumza pia na watu fulani kuhusu mambo haya, nitakueleza wakati wake.

M. Kilongola


Kwemkole
6 Machi 1972

Kwa Bwana Mkubwa wa Chuo, Ndugu Kilongola,

Assalaam alaikum. Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Anayekuandikia ni Sheshe bin Hassani wa Kwemkole, yule uliyemchagua.

Barua ya wilaya imenifikia na kusomwa mbele ya watu. Nimekwenda Tanga kwenye semina ya viongozi wa ujenzi, tumelala kwenye vitanda vya chuma na tumefundishwa kwamba kiongozi lazima aonekane. Kwa kweli nilikuwa sijui kwamba naongoza. Lakini kama Chuo Kikuu kimechunguza na kuona hivyo, mimi ni nani nikatae.

Nimerudi na nimeanza kazi. Nimekuta makosa mengi. Mlango wa zahanati unatazama bondeni, jambo ambalo si heshima, mgeni akija kutoka kwangu anauona mgongo wa nyumba. Nimeamuru utobolewe mwingine kwenye kona ya juu. Watu ni wagumu kidogo lakini watazoea.

Naomba vitu vitatu: muhuri, beji ya kuvaa kifuani, na kiti, kwa sababu semina imesema kiongozi asikae chini na mimi pale kazini nakaa juu ya tofali. Huyo binti yako Efrazia ni mtoto mzuri lakini hasira yake iko karibu. Mwambie apunguze.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Sheshe bin Hassani


Kwemkole
9 Machi 1972

Mwalimu Mbaraka,

Shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida.

Nilikuomba usiyatumie majibu yale. Uliyapeleka wilayani kabla hata hujanijibu, ukaniandikia "nimezungumza na watu fulani"! Nimelijua hilo siku moja na kijiji kizima, barua iliposomwa barazani, na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Sasa ngoja nikueleze ulichokifanya. Mwanahawa alinikalisha jikoni akanifafanulia kama mtu anavyomfafanulia mtoto. Mwaka juzi watu walipotengeneza barabara, walisahau kumwita Mzee Sheshe kwenye kikao. Akakasirika akaufunga mfereji kule juu, na miche ya kabeji ya kijiji kizima ikakauka. Zahanati hii haiwezi kujengwa bila maji yake: udongo unakanyagwa kwa maji, matofali yanafyatuliwa kwa maji. Kwa hiyo nilipokuja na swali langu wakakaa wakakubaliana. "Hapa kwetu," alisema Mwanahawa, "mtu anayeweza kuivunja kazi kwa hasira yake ndiye tunayemwita mwenye kazi. Tunampa jina, anapoa, sisi tunaendelea kujenga. Sasa nyie mmelichukua jina mkalipeleka mpaka Tanga."

Nikamuuliza, na anayeongoza kweli ni nani? Akasema, "Unauliza tena?"

Basi huyo ndiye rubani wako. Amerudi na fimbo. Hakuna aliyewahi kumwamuru mtu kwenye msaragambo, na yeye anaamuru tangu asubuhi. Ametoboa kona ya juu apate mlango wake. Ukuta uliokuwa umefika kwenye linta, juu ya milango, umepasuka. Kwa kumheshimu hakuna anayembishia, na kwa kumheshimu hivyo hivyo hakuna anayekuja kazini. Leo walikuja watu wanne. Kila mtu ana mgonjwa, kila mtu ana shamba. Fundi mwashi amekwenda kusalimia ndugu zake Bungu na hajasema atarudi lini.

Na mawingu yameanza kukaa juu ya msitu kila jioni.

Nakuomba uandike barua wilayani, leo hii, useme kulikuwa na kosa. Useme kosa ni langu kama unataka. Wakimwondolea cheo kwa lugha nzuri atarudi kilimani kwake, fundi atarudi, na kuta zitafika juu kabla ya mvua. Sikuombi kingine.

Efrazia


Dar es Salaam
18 Machi 1972

Ndugu Efrazia,

Barua yako imenisononesha, sitaki kukuficha. Kupeleka majibu wilayani bila kukuarifu ilikuwa haraka yangu, na kwa hilo naomba radhi.

Lakini barua unayoitaka siwezi kuiandika. Nikisema fomu za Kwemkole zilikosea, nitaulizwa habari za fomu za vijiji vingine vyote, na kazi ya miaka itatupwa jalalani kwa sababu ya mzee mmoja na mlango wake. Unadhani kamati itakaa chini kuelewa habari za mfereji?

Na kuna kitu unakisahau. Mtafiti haingilii. Hukutumwa kujenga zahanati, ulitumwa kuitazama ikijengwa, na kama haijengwi, kuandika kwa nini. Weka ndoo chini. Fanya duru ya pili ya fomu kama tulivyopanga. Bila duru hiyo sina cha kupeleka kwenye kamati, na wewe utarudia mwaka mzima. Sisemi hivi kwa kukutisha, ndivyo sheria za Chuo zilivyo.

Mwambie Mzee Sheshe kwamba suala la kiti linashughulikiwa.

M. Kilongola


Kwemkole
11 Aprili 1972

Mwalimu Mbaraka,

Shikamoo. Fomu za duru ya pili zimo ndani ya bahasha hii. Kabla hujazifungua soma barua kwanza, tafadhali, kwa sababu wewe una tabia ya kuanza na hesabu.

Barua yako ya mwisho niliipokea kwenye duka la Bumbuli nikaisoma njiani, na nilipofika kijijini nilikuwa nimejaa. Kulikuwa na kikao. Mzee Sheshe alikuwa anaeleza habari za beji. Nikasimama bila kuruhusiwa. Nikatupa zile fomu mpya katikati ya baraza, nikasema wazijaze wenyewe au wawashie moto. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini nikaendelea. Nilisema nitaandika wilayani mabati yasiletwe kabisa, mpaka ile kona izibwe na mlango urudi ulipokuwa, na nikiandika mimi watanisikiliza, kwa sababu mimi ni wa Chuo Kikuu. Mama mmoja alimfunika mtoto wake kichwa kwa khanga, kama mtu anayesikia upepo. Nikaenda kufunga mizigo yangu.

Kesho yake mchana mvua ikaja. Haikuanza kwa manyunyu. Nilikuwa nakaza kamba ya sanduku niliposikia kishindo, nikafungua dirisha. Ile kona ya Mzee Sheshe ilikuwa imekaa chini. Iliyotobolewa ndiyo iliyoanguka, nyingine zilikuwa bado zimesimama na maji yanatiririka juu yake, mekundu.

Nilitoka nikikimbia. Mwalimu, watu walikuwa wanashuka kutoka kila upande. Walikuwa na migomba, majani na magome yake, mikeka, milango waliyoing'oa nyumbani kwao. Wenye mabati jikoni walikuwa wameyabandua. Hakuna aliyekuwa amepiga kelele, au kama alipiga mimi sikusikia kwa ile mvua. Waliviweka vyote juu ya kuta, wakawa wanavishika kwa mikono kwa sababu upepo ulikuwa unavibeba. Mtu alinisukumia ncha ya bati nikaishika juu ya kichwa. Sijui ni nani.

Hapo ndipo ulipokuwa utafiti wako wote. Ningeweza kusimama kando nikaandika nani alifika kwanza, nani alionyesha mkono wapi, nani alifuatwa. Nafasi kama ile hairudi. Na mimi nilichokiona ni mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu na maji yaliyokuwa yananiingia kwenye mikono ya gauni. Nani aliongoza? Sikuona. Nilikuwa nimeshika bati.

Ncha ya pili ya bati lile ilikuwa mikononi mwa Mzee Sheshe. Lilikuwa lake, la banda la mbuzi. Alilalamika muda wote tuliosimama pale, kwamba nashika vibaya, kwamba mimi mfupi, kwamba vijana wa siku hizi hawana mabega. Fimbo sikuiona. Mvua ilipokatika alitazama ile kona kwa muda mrefu, kisha akamwambia fundi, ambaye naye alikuwa pale ingawa sijui alirudi kutoka Bungu saa ngapi, "Huu ujenge kama ulivyokuwa." Akaondoka na bati lake.

Tangu siku hiyo wamefanya kazi kila palipokuwa na jua. Kona imesimama. Mabati ya serikali yalifika juzi, na jana upande wa bondeni umeezekwa. Mvua ya usiku haikuingia ndani. Mwanahawa aliingia asubuhi akagusa sakafu kwa kiganja, akakitazama, akatoka. Nilijua anamfikiria nani.

Sasa habari za fomu. Jana jioni Issa, katibu wa kijiji, aliniletea zote, zimejazwa. Wasiojua kuandika waliandikiwa na waliohitimu elimu ya watu wazima. Nilishukuru sana. Nilidhani wamenionea huruma tu nisije nikafeli, na pengine hilo nalo lipo. Nikafungua ya kwanza nikatazama swali la saba. Nikafungua ya pili. Mwalimu, nilicheka mpaka ya tano hivi. Halafu sikucheka tena.

Wamenitaja mimi. Wote. Efrazia Mhando anaongoza ujenzi huu. Hata Mzee Sheshe amenitaja, na chini yake ameandika, "Na yeye apewe kiti."

Wewe unajua hapa jina hilo anapewa nani. Nimekueleza mwenyewe kwa mkono wangu kwenye barua ile ya Machi, nikijiona nimeelewa sana. Nililia, sikufichi. Miezi mitatu nakuandikia kwa hasira kwamba swali lako ni baya na watu hawa hawajibu ukweli, kumbe walikuwa wanajibu ukweli mtupu. Waliulizwa nani anayeongoza, wakataja anayeogopwa. Mara ya kwanza alikuwa mwenye maji, mara hii ni mwenye kalamu.

Kwa hiyo ripoti yangu nitaiandika hivi: kwamba fomu inaweza kukuambia kijiji kinamchunga nani, na hilo si dogo, lakini kinachojenga nyumba haikijui. Kinachojenga sijui kitapimwaje. Nitaeleza yale niliyoyaona kwa kukaa, na nitaeleza waziwazi kwamba siku muhimu kuliko zote sikuona chochote na kwa sababu gani. Na jina langu, mara arobaini, litakuwemo humo kama lilivyo. Kama kamati itataka nirudie mwaka, nitarudia. Nakuomba tu safari hii usipeleke majibu wilayani. Nitaitwa Tanga kwenye semina.

Mwanahawa alinikuta mlangoni na fomu mapajani, macho yamevimba. Hakuuliza nimesoma nini, maana fomu yake mwenyewe ilikuwemo. Aliniuliza jambo moja tu.

"Sasa umepoa?"

Nikamwambia nimepoa, mama.

"Basi chukua ndoo," akasema. "Udongo unakauka."

Mwanafunzi wako,
Efrazia